Mbwa Asiyesikia "Njoo"

Kwa furaha kubwa, Kamati ya Nidhamu ya Mbwa, ambayo mimi Haji ni Naibu Mratibu wake, inatangaza kwamba kipindi chetu cha televisheni cha kurekebisha mbwa wakorofi, kilichorekodiwa hapa Doha mwaka 2014, kimefaulu kupita kiasi.

Mhusika mkuu alikuwa Meja, mbwa wa Mkurugenzi wa kipindi mwenyewe, anayekaa naye mtaa wa Abu Hamour. Mashtaka: kupuuza amri za Kiingereza, kupuuza amri za Kiarabu, na kukojolea kamera katikati ya hotuba ya ufunguzi. Kamati iliazimia kuwa mpaka atakapotii, hakuna likizo kwa yeyote anayemhudumia.

Anayemhudumia ni mmoja tu, Pamela, mfanyakazi wa nyumbani kwa Mkurugenzi, kutoka Vihiga, Kenya. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na miaka mitatu hajamtia machoni. Kibali chake cha kutoka nchini kilikuwa mezani kwa Mkurugenzi tangu Machi, kikingoja sahihi yake ya mwajiri, ambayo bila hiyo mfanyakazi haondoki Qatar, na juu yake pamewekwa kikombe cha kahawa. Utaratibu ni utaratibu.

"Bwana Haji, huyu mbwa hana shida," Pamela akaniambia. "Nimemlea tangu akiwa mdogo. Ni nyinyi hamjui kuongea na yeye." Akageuka. "Meja, kuja hapa!"

Mbwa akaja mbio, akaketi miguuni pake.

Sasa mimi mtu wa Unguja, yakhe. "Kuja hapa" kwenye televisheni? Hasha! Nikaita kwa Kiswahili fasaha: "Meja, njoo!" Akanitazama, akapiga miayo, akalala.

"Huyo ni Mkenya," Pamela akasema. "Utachoka bure."

Kamati ikakaa kikao cha saa nne nzima, ikauma meno, ikaidhinisha Kiswahili cha Kenya kwa matumizi ya mbwa. Nikamwandikia Mkurugenzi kadi ya amri: kuja, keti, lala. Kisha nikaongeza moja kwa juhudi zangu binafsi. Wakenya wakikupa kitu husema "shika", basi naye akitoa biskuti aseme hivyo. Sikumuuliza Pamela. Mtaalamu ni mimi.

Alhamisi tukarekodi mbele ya wageni waalikwa. "Kuja!" Meja akaja. "Keti!" Akaketi. Makofi! Mkurugenzi akavimba kichwa, akainua biskuti: "Shika!"

Lahaula! Kumbe kwa Meja hilo ni neno la kukamata mwizi. Akaangaza huku na huku, hakuona mwizi mwingine, akaidaka suruali ya Mkurugenzi kwa nyuma na kung'ang'ania.

"Khalas! Khalas!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Pamela! Mwambie aache!"

"Bosi, si mimi nilifaa kuwa likizo tangu Machi?" Pamela akachomoa karatasi mfukoni mwa aproni, ile ile yenye alama ya kikombe. "Kalamu ndiyo hii."

Mkurugenzi akasaini juu ya mgongo wangu, kamera zikiendelea. Pamela akaikagua sahihi, akapuliza wino ukauke.

"Wacha, baba," akasema. Meja akaacha.

Jumamosi alikuwa Vihiga, na picha ya harusi ametutumia.

Tathmini rasmi ya Kamati ni hii: mhusika mwenye matatizo ya tabia alirekebika kwa dakika nne, mbele ya mashahidi, na sasa anasaini karatasi siku ile ile anapoletewa. Mbwa hakuonekana kuwa na tatizo lolote.