Kuigawa Seli ya Bi Hamisa

Jumatatu, 30 Juni 1975
Bendera ya balozi wa nyumba kumi inapepea kwa Bi Hamisa, na Kawe yote inampa shikamoo. Mie Kornelio, fundi saa, mwenye suruali iliyopigwa pasi, natumwa kuazima majembe. Nimechoka. Hata kuku wangu hawanisikii. Lazima niwe balozi kabla ya Saba Saba. Nguzo ya bendera tayari nimeisimika uani. Mke wangu Eufrazia kaianikia kanga.

Jumatano, 2 Julai
Bahati iliyoje! Nimechungulia darasa la watu wazima, nikamkuta Mwalimu Projestus katikati ya somo la seli. Siasa safi, maana Bi Hamisa ndiye kiongozi wa seli yetu ya chama, nyumba zetu kumi. Kasema seli ikikua hugawanyika ziwe mbili. Ila haijianzii tu. Hungoja ishara kutoka nje, ishara hupokewa mlangoni, hupokezanwa ndani mpaka kwenye kiini. Kisha hujikagua: maagizo yamenakiliwa? Vyote vimejipanga katikati? Ndipo kamba huvuta, nusu huku, nusu kule. Akachora na kitunguu. Hapo sikumwelewa, labda habari za duka la ushirika. Nikaondoka kabla hajamaliza. Yaliyobaki nayajua.

Ijumaa, 4 Julai
Kazi imeanza. Nimepiga debe mlangoni kwa Leonardi. Leonardi kampasha Albano, Albano kampasha Filomena. Ishara inatembea. Nikawapanga majirani katikati ya uwanja, nikawapa kamba ya mbuzi, nyumba za juu wavute huku, za chini kule. Wakadhani ni mazoezi ya sherehe. Bi Hamisa mwenyewe kavuta, na upande wake ukashinda. Kamba ikakatika, nikatumbukia mtaroni. Si kitu, tumegawanyika. Nikajitangaza balozi nikiwa humo humo.

Jumamosi, 5 Julai
Katibu wa tawi kaja. Kauliza nani kaniruhusu kugawa seli. Nikamtaja Mwalimu Projestus. Maskini, kaitwa, kaja na kitunguu mkononi. Kaeleza kwamba yeye anafundisha miili ya viumbe, na seli zake hazionekani kwa macho matupu. Kaongeza lile nililolikosa: seli ina breki zake, na ile inayojigawa bila kungoja ishara ndiyo inayoleta saratani. Uwanja mzima ukanigeukia. Katibu kasema ipo na seli nyingine, ya polisi, nikitaka kuisoma atanisindikiza. Bi Hamisa kanitetea, eti Kornelio hana ubaya, ana pupa tu. Kutetewa na adui! Roho imeniuma mchana kutwa.

Jumatatu, 7 Julai, Saba Saba
Bi Hamisa kaleta ubwabwa. Kaomba na nguzo, yake imeliwa na mchwa. Eufrazia kampa kabla sijafungua mdomo. Bendera imependeza juu yake, mbele ya nyumba isiyo yangu. Nimelengwalengwa na machozi, nimekula sahani mbili.
Baadaye nimemuuliza Mwalimu, kwa adabu zote, nani hasa anaiamuru seli. Kasema kiini. Kumbe! Ndiyo maana nimekwama, nilikuwa nahangaika na cheo kidogo. Kesho asubuhi nakwenda kwa Katibu kumuuliza uchaguzi wa kiini ni lini.