Chai ya Mikutano Irudishwe

Mheshimiwa Mlezi wa Wanafunzi,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kutulea. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa tatu, chumba cha mwisho karibu na mabomba. Yule mrefu uliyemuuliza siku moja kama anaumwa. Siumwi. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu tangazo lako la Jumatatu, kwamba kuanzia sasa vyama vya wanafunzi havitapewa chai na vitafunio kwenye mikutano, bali maji ya kunywa. Nimelisoma mara tatu nikitumaini kuna ukurasa wa pili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangazo linasema chai inavutia "wanachama wasio na nia". Kauli hiyo imeniumiza. Mimi ni mwanachama wa vyama tisa na sijakosa mkutano hata mmoja. Jumatatu sataranji, Jumanne mdahalo, Jumatano wafuga nyuki, Alhamisi kwaya asubuhi na huduma ya kwanza jioni, na kuendelea. Kwenye kwaya niliombwa niwe nafungua mdomo tu bila kutoa sauti, nikakubali. Mtu asiye na nia angevumilia hayo?

2. Elimu itashuka. Kwa ajili ya mayai ya kuchemsha ya wafuga nyuki, leo naweza kukuonyesha malkia ndani ya mzinga. Kwenye huduma ya kwanza nimefungwa bandeji mwili mzima mara kumi na nne, kwa kuwa mimi ndiye mgonjwa wa mfano, na mgonjwa wa mfano hupewa kipande cha pili cha keki. Uhasibu nimeupata kwa karo. Haya mengine nimeyapata kwa kutafuna.

3. Vyama vinakufa. Juzi wafuga nyuki tulikunywa maji. Mkutano wa saa mbili ulikwisha kwa dakika kumi na moja, katibu akisoma kumbukumbu huku mkoba uko mgongoni. Kwa kawaida tunakuwa arobaini. Tulikuwa wanane, na mwenyekiti alishangaa kugundua kwamba yeye mwenyewe hapendi nyuki.

4. Mama wa chai, anayesukuma kitoroli cha birika, hunimiminia kabla sijafika mlangoni. Huuliza tu, "Mwanangu, leo uko chama gani?" Tangu Jumatatu anasukuma mitungi ya maji na hanitazami usoni. Sisi wawili hatukugombana, Mheshimiwa. Umetugombanisha wewe.

5. Hili ndilo kubwa, na nitalisema bila kuzunguka. Mama yangu ni fundi cherehani. Kila mwezi hunitumia pesa ya chakula, nami, kwa msaada wa vyama vyako, naiweka yote kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Mama hajawahi kuvaa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine. Hujishonea mabaki ya vitambaa vya wateja, ndiyo maana mkono wa kushoto wa gauni lake la kutokea hauna undugu na ule wa kulia. Nimejiapiza kwamba siku ya mahafali yangu atavaa gauni la kitambaa kimoja kuanzia shingoni hadi chini, tena apimwe yeye, asimame ainue mikono kama wanavyosimama wateja wake. Fundi nimeshampata. Imebaki theluthi ya pesa na miezi minne. Ukiondoa chai, nitalila lile gauni, kuanzia kola.

Kwa hiyo naomba chai irudishwe. Bajeti ikigoma, irudishwe Jumatano na Alhamisi. Hilo nalo likishindikana, basi chuo kinisajili mimi peke yangu kama chama. Nitakutana kila siku saa saba mchana, akidi itatimia, na kumbukumbu nitaziandika kwa mwandiko mzuri.

Naishia hapo nikisubiri majibu yako kwa hamu na kwa njaa. Nisalimie katibu muhtasi wako, mlinzi wa lango la nyuma, na mama wa chai, umwambie simlaumu.

Mtiifu wako,
Mwanachama wa Vyama Tisa

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, dada yangu amenipigia simu, akanionya nisimwambie mama kwamba yeye ndiye aliyesema. Kumbe pesa anayonitumia mama ni ya chakula chake mwenyewe. Tangu nianze chuo amejiunga na vikundi sita vya akina mama mtaani kwetu, kikiwemo cha wafuga kuku, naye kuku hana hata mmoja. Hakosi mkutano. Dada anasema huko wanatoa chai na mkate, na mama hukaa karibu kabisa na birika. Nimelitazama kopo langu mpaka nikaona aibu. Kesho linarudi nyumbani na kila kilichomo. Gauni litasubiri; kwanza anayepimwa ale. Mimi nitaomba kazi ya kuosha gilasi zako za maji. Malalamiko yote matano nayafuta, na ombi limebaki moja tu: tangazo lako, Mheshimiwa, tafadhali lisifike mtaani kwetu mpaka pesa hiyo imfikie.