Kisu Ndani ya Kiazi

Jumatatu, 5 Oktoba 2015. Louisville, mtaa wa Iroquois

Ndugu yangu Adriano, Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko Cheektowaga? Mama watoto hajambo? Baridi ya Buffalo imeshaanza kuwauma? Sisi wazima, isipokuwa mikono. Na mikono ndiyo uliyoniuliza.

Umeniuliza mzee mwenye baridi yabisi ya vidole anunue kisu gani cha kukunja, cha kutembea nacho kila siku mfukoni. Umemuuliza mtu anayejua. Ila jibu haliingii kwenye ukurasa mmoja. Nitaliandika siku kwa siku katika daftari hili la shule ambalo binti yangu mdogo ameliacha bila kuligusa, kisha nikutumie lote.

Shida yangu unaijua. Jumamosi ya tarehe 17 Nadine anaolewa kule Columbus. Marehemu kaka yangu aliniachia mtoto huyu akiwa na miaka minne, hajui baba mwingine. Kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama mbele ya wakwe na kuwakatia nyama ya kwanza. Kwa kisu changu mwenyewe, kutoka mfukoni mwangu, kama tulivyowafanyia mabinti wote tulipokuwa wakimbizi kambini Kanembwa. Baba asiyetoa kisu chake, ni kama binti kaokotwa njiani.

Leo asubuhi nimejifungia bafuni na kile kisu nilichonunua Kibondo. Unakikumbuka. Unaingiza ukucha kwenye mfuo, unavuta. Nimevuta. Ukucha umekatika. Nimejaribu mkono wa pili. Ukucha umekatika. Yudita mke wangu akauliza kupitia mlangoni ninafanya nini huko saa nzima. Nikasema nasali. Mungu anisamehe, ingawa kufikia hapo nilikuwa nimeanza kusali kweli.

Na sasa sikia hili. Karekezi ana habari. Karekezi yuleyule aliyekaa mlango wa tatu kambini, na hapa anakaa mtaa wa pili, na bado anachungulia. Amewaambia watu dukani kwamba Karoli siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Halafu amejitolea kukata nyama badala yangu. Kwa upendo, anasema. Kwa upendo!

Jumanne, 6 Oktoba

Baada ya kazi nimekwenda duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji ni mzee mwenye ndevu hadi kifuani. Kaniangalia vidole mara moja, hakuuliza kitu, kapanga visu vitano mezani. Akanieleza kwa utaratibu, maana Kiingereza changu ni cha kazini tu. Mkono unaouma unataka mpini mnene, usiolazimisha vidole kujikunja sana. Usitegemee ukucha. Tafuta chenye tundu au kipini cha kusukuma kwa kidole kizima. Na kabla ya kulipa, kifunge mwenyewe mara tano, maana wengi huangalia kufungua tu. Kisha akanisogezea alichokichagua yeye.

Cha rangi ya chungwa. Kinene kama hindi. Kasema wazee wengi wanakipenda.

Adriano, nimechemka. Nisimame mbele ya wakwe na kitu kama yale maboga watoto wa huku wanayochonga sura kila Oktoba? Nikamwonyesha chembamba cheusi pembeni. Hicho kina springi ndani. Unakigusa tu kwa kidole, chaa, kimefunguka chenyewe. Nimekifungua mara sita hapohapo dukani, mzee wa ndevu akinifungia kila mara. Akaniuliza kama nisingependa kujaribu kukifunga mimi. Nikamwambia sinunui kisu ili nikifunge.

Alhamisi, 8 Oktoba

Hakifungiki.

Ili kukifunga lazima ubonyeze kibati chembamba kwa dole gumba, ukikaze hapo, huku mkono wa pili unasukuma. Dole gumba langu halitaki. Tangu Jumanne jioni kisu kiko wazi. Nimelala nacho kikiwa wazi juu ya kabati. Leo ilinibidi niende nacho kazini, kwa sababu nyumbani Yudita angekiona, na akikiona atanipeleka hospitali. Sasa kisu kilicho wazi unakiwekaje mfukoni? Nimekichoma ndani ya kiazi. Akili ya Kanembwa hiyo. Kiazi kimoja kikubwa, kisu ndani hadi mpini, mfuko wa koti. Hakuna aliyekatwa.

Pale ghalani tunapofungua masanduku, Bahizire kakiona. Ni Mkongo, mtu mzuri, ila hanyamazi. "Bon, papa Karoli, hii kiazi unatembea nayo ni ya nini?" Nikasema ni chakula cha mchana. Akasema chakula cha mchana hakina mpini. Akakitoa, akakifunga kwa kidole kimoja, huku anapiga mluzi. Mluzi ndio ulioniuma.

Nikashukuru. Halafu nikakigusa tena, kuona tu kama springi bado inafanya kazi. Inafanya. Nikamwita tena. Mara ya tatu akasema, donc, papa, leo utakigusa mara ngapi, mimi nina masanduku yangu. Akanishauri nitembee na kiazi.

Jumapili, 11 Oktoba

Misa. Nilikuwa na amani kamili hadi tulipofika kwenye kutakiana amani.

Karekezi alikuwa benchi la nyuma kabisa. Kaacha watu wake wote, kavuka mabenchi matatu, kaja kwangu na mkono mbele kama mtu anayegombea ubunge. "Amani ya Kristo, mzee mwenzangu." Akabana. Hakuachia. Akaendelea kubana huku ananitazama usoni. Vifundo vya vidole vikalia kama mahindi kwenye moto. Machozi yakanitoka, na mama wa mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba Roho ameshuka kwa baba Karoli.

Hakuishia hapo. Kwenye chai baada ya Misa kaniletea soda ya chupa mbele ya kamati nzima ya harusi, kasema kizibo ni cha kuzungusha tu, nimfungulie, yeye mikono yake ina mafuta ya sambusa. Mtego mchana kweupe! Nikasema nimefunga. Nilikuwa na andazi mdomoni.

Ndani ya gari Yudita kangoja taa nyekundu ya pili. Kisha kasema anazo habari za kiazi, mke wa Bahizire kampigia. Kasema kama mikono inauma si aibu, nimwachie Karekezi, au nikate kwa kisu cha jikoni kama watu. Nikamwambia Nadine hajaletwa duniani na kisu cha jikoni. Akasema wala hakuletwa na kiazi.

Nimesali kwa ajili ya Karekezi. Sikuomba mabaya. Nimeomba mafua madogo tu, ya Jumamosi moja.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimepata mpango, na ni mzuri hadi najishangaa.

Kisu kinafunguka vizuri, hakifungiki. Basi tusikifunge! Nitakwenda nacho kikiwa wazi, ndani ya kiazi, mfuko wa ndani wa koti la suti. Wakati ukifika naingiza mkono, natoa, kisu hiki hapa, tayari, kinameremeta. Wakwe watadhani nimekifungua humohumo mfukoni kwa ufundi. Kiazi kinabaki ndani, hakuna anayejua. Nimejaribu mbele ya kioo mara ishirini. Kumi na tisa nimefaulu. Ya ishirini kiazi kilitoka pamoja na kisu, lakini hicho kilikuwa kiazi kibichi mno.

Kumbe kazi ni kuchagua kiazi. Kilaini, kisu kinadondoka. Kigumu, kinang'ang'ania. Kitamu ni kirefu, kinatokeza kifuani kama bastola. Yudita anauliza viazi vinaisha vipi na hatuli viazi. Nimesema kuna panya. Sasa ananunua mitego.

Ijumaa, 16 Oktoba. Columbus

Tumefika salama, saa tatu na nusu barabarani. Karekezi kaja na sisi! Gari lake limekufa, na Yudita, bila kuniuliza, kamkaribisha. Kakaa nyuma yangu njia nzima akisimulia visu vyake vya nyumbani, vinane, ndani ya boksi la mbao. Safari nzima kaficha mikono yake kwapani. Nikajua ni kiburi.

Tumefikia kwa mama Angelika, mama yake bwana harusi, karibu na Morse Road. Mjane, Mrundi mwenzetu, alikuwa kambi ya Nduta. Mama wa heshima. Tumemkuta anamenya ndizi za kesho. Nikamtazama mikono. Adriano, mikono yangu hasa! Vifundo vilevile, vidole vimekwenda upande kama mihogo ya udongo mgumu. Na anamenya ndizi haraka kuliko mashine.

Kisu chake nacho ni cha kukunja. Kidogo, cha zamani. Mpini kaufunga mpira wa tairi la baiskeli, mizunguko mingi, umekuwa mnene kama kibuyu na hautelezi. Bapa kalitoboa tundu, katia kamba. Unaingiza kidole kizima kwenye kamba, unavuta, kimefunguka. Hakina springi. Hakina kufuli. Kukifunga unakisukumia juu ya paja tu.

Kaniona natazama. Kasema taratibu, bila kuinua macho, kwamba mkwe, hata mimi nilificha yangu miaka miwili. Akakiweka mezani, maana kwetu mkwe hampi mkwe kisu mkononi, mmoja anaweka na mwingine anachukua. Nikakichukua kwa adabu. Kikakaa kiganjani kama kilizaliwa hapo. Hakuna kilichouma.

Nilikasirika sana. Nimenunua kisu kipya cheusi, nimehangaika na viazi wiki nzima, kumbe ni mpira wa baiskeli! Nikakirudisha mezani. Nikamwambia ni kisu kizuri cha ndizi.

Jumamosi, 17 Oktoba. Columbus

Misa nzuri. Nadine kama malaika. Kabla hatujaingia ukumbini kanirekebishia tai, kasema katika harusi nzima kitu anachokingoja ni kuniona nikitoa kisu, kwa sababu ndipo atakapojua kwamba baba yake yupo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kiazi kilikuwa kinanipiga kifuani.

Watu mia mbili. Mbuzi kaletwa kwenye sinia. Mshereheshaji kataja jina langu. Nikasimama, nikasogea mbele ya meza ya wakwe, nikaingiza mkono ndani ya koti, nikavuta.

Kikatoka kiazi.

Kizima, kisu ndani. Nikavuta mpini. Mwembamba, unateleza, vidole havishiki. Nikavuta tena. Nimesimama mbele ya wakwe na kiazi kibichi, watu mia mbili wanakitazama. Nadine kaweka mkono mdomoni. Nikamwona Karekezi anainuka polepole kwenye kiti chake, anafunga kifungo cha koti.

Mama Angelika akawahi. Kasimama, kasema kwa sauti ya kufika mlangoni kwamba mkwe wao kaleta mazao ya shambani kwanza, wamepokea, wanashukuru. Akachukua kiazi kwa mikono miwili, akakiweka kwenye sahani kama sadaka. Kisha akasema upande wao nao hawaji mikono mitupu. Akaweka kisu chake mezani mbele yangu.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Walidhani ni desturi ya Nduta. Waliotoka Nduta walidhani ni desturi ya Kanembwa.

Nikaingiza kidole kwenye kamba. Nikavuta. Nikakata. Adriano, nyama ya paja, mkato mmoja, bila kutetemeka. Nimempa mkwe kipande cha kwanza, na Nadine kalia hadi wanja ukafika kidevuni. Nami nililia. Mara hii haikuwa Karekezi.

Baadaye nimemwona Karekezi pembeni. Sahani kaiweka juu ya magoti, hawezi kuishika. Kampa Yudita soda amfungulie. Nikamtazama vidole vizuri kwa mara ya kwanza. Vimevimba kuliko vyangu. Kumbe siku ile kanisani alikuwa anabana huku naye anaumia!

Jumatatu, 19 Oktoba. Louisville

Tumerudi. Mama Angelika kanipa kile kisu kabisa. Kasema ataufunga mpini mwingine, tairi anazo. Ni mama wa baraka. Yudita anakitumia kumenyea vitunguu.

Njiani Karekezi kaniuliza kwa sauti ndogo, Yudita akiwa amesinzia, mpira ule unafungwa mizunguko mingapi. Nikamhurumia. Ni mzee mwenzangu, tumekula posho moja. Nikamwambia aachane na mpira, ni mambo ya wanawake, atafute chembamba cheusi chenye springi.

Sasa jibu la swali lako, maana nimelichunguza kwa wiki mbili na sasa ninajua. Kisu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kiazi. Viazi vya Kentucky ni vigumu mno. Kwenye ubatizo wa Desemba, nitakaposimama tena kukata nyama, nitatumia parachichi. Na kwenye kompyuta ya binti yangu nimekiona kingine, chembamba zaidi, cheusi zaidi, springi mbili. Nimeagiza viwili. Kimoja kinakuja kwako kwa posta.

Ukikipata usikiguse kabla hujanunua parachichi. Wasalimie nyumbani, na mimi mniombee. Tafadhali nijibu upesi, unieleze kama huko Cheektowaga kuna mtu wa kukufungia.

Ndugu yako, Karoli Minani