Naomba Mahari

Jumatatu, 2 Septemba 1991
Nimepata diploma ya uuguzi. Mimi, Révérien wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, muuguzi kamili! Mama ameitundika ukutani juu ya redio. Sasa kazi. Hospitali ya watawa kule kilimani ina nafasi moja, na wanaoitaka ni wawili: mimi na Gaudiose, aliyekuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa ngapi, hakuna haja ya kuandika. Nikiikosa, Wizara itanitupa kwenye zahanati ya mbali: muuguzi mmoja, daktari hakuna. Mungu apishe mbali.

Mbinu ninayo. Mkuu wa wauguzi, Masera Athanasie, ni mtawa kutoka Bukoba. Wote humwandikia Kifaransa. Mimi nitamwandikia Kiswahili, lugha niliyonyonya na maziwa. Gaudiose, pole sana.

Jumanne, 3 Septemba
Kwa Viateur, mpiga taipu mbele ya posta. Nilimtamkia barua nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama daktari mkuu. Anapiga kwa vidole viwili lakini mbio. Aliniuliza kama nitaisoma kabla ya kutia sahihi. Nikamwambia mtunzi hairudii barua yake. Nikatia sahihi ndefu.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimeitwa. Masera aliitazama barua yangu muda mrefu, kisha akanigeuzia niisome mwenyewe. Badala ya “naomba mahali katika hospitali yako”, Viateur ameandika “naomba mahari”. Na chini yake: “hata mahari padogo patanitosha.” Kwa Viateur, L na R ni pacha, akikosekana mmoja, huitwa mwenzake.

Bila kucheka, Masera aliniuliza ni binti yangu yupi aliyeolewa na hospitali, na kama nataka ng'ombe au fedha taslimu. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hofu nikajibu ng'ombe.

Akageukia dirisha mpaka mabega yake yalipotulia. Kisha akasema mimi na Gaudiose tuje kesho wodi ya wazazi. Atachagua kwa kutazama mikono, si barua.

Ijumaa, 6 Septemba
Mpango: kusimama karibu na Masera saa zote, nikitikisa kichwa kwa busara. Saa nne akajifungua mama mmoja, Nyirahabimana. Mtoto akatoka kimya, amelegea, ngozi imepiga buluu. Mimi nilipewa taa nishike. Gaudiose akamkausha, akamfuta kinywa, akambonyezea hewa kwa kifuko cha mpira, polepole, akihesabu kwa sauti ndogo.

Kisha mtoto akakohoa, akalia, akaanza kuwa mwekundu kuanzia kifuani, mbele ya macho yangu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Miaka yote nimekisoma kitabuni na sikujua. Mtu hakuwepo, sasa yupo. Nililia kuliko mtoto. Nilisahau kabisa kwamba nimekuja kushindana. Gaudiose akaomba kitambaa, akajipangusa mikono kama aliyemaliza kuosha vyombo.

Jumapili, 8 Septemba
Maajabu mengine. Masera amempa Gaudiose nafasi, naye ameikataa. Amesema hapa wauguzi wapo. Anakwenda zahanati ile ya mbali, ambako mtoto wa namna ile hana wa kumbonyezea hewa. Nilimtazama kwa heshima ambayo sikujua kama ninayo.

Baada ya misa Masera akaniita. Alisema aliyaona machozi yangu, na mtu anayelia vile anaweza kufundishwa. Nafasi ni yangu nikijibu swali moja tu: Ijumaa imenifunza nini? Nilijibu kwa moyo wote kwamba kazi kubwa kiasi kile haifai kuachwa bila msimamizi, nami niko tayari kuisimamia.

Masera alinifungulia mlango. Akaniambia niende salama, nafasi itatangazwa upya.

Mpaka sasa mwili unanisisimka kwa niliyoyaona. Kesho naamkia Wizarani, nikaombe kupelekwa zahanati ya Gaudiose. Maskini, mikono anayo, lakini kule atakuwa peke yake, hana hata mkubwa wa kumwamuru.