Kadi Iliyoganda Kibosho

Jumatatu, 5 Julai 2004. Njoro, Moshi.

Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Mzee Wenseslaus, baba yake Dominika, hajakataa nimwoe binti yake. Wala hajakubali! Kasema hatoi neno mpaka aongee na Sylvanus, mwanawe wa kwanza, aliyeko Ujerumani. Wao ni Wakatoliki wa Kibosho, mimi Mlutheri wa Kirua Vunjo. Sylvanus akisema hapana, nimekwisha.

Filemon, ninayefanya naye kazi hapa intaneti kafe, akaja na wazo. Tumteremshe mzee kwa gari, akae kwenye kompyuta yetu, aongee na mwanawe, tumrudishe. Nikamwambia hiyo ni akili ya utingo. Mimi nitampandishia mzee intaneti mpaka sebuleni kwake! Nimeshamwahidi, tena mbele ya Dominika. Sirudi nyuma.

Jumanne, 6 Julai.

Nimefunga antena juu ya bati la mzee. Ni kopo la maziwa ya unga, linatazama kafe yetu kule Njoro. Ndani nimeweka kompyuta kuukuu yenye kadi ya intaneti isiyotumia waya. Ikashika! Nikashangilia mpaka ng'ombe akakurupuka zizini.

Halafu ikaganda. Kadi hii ikiganda dawa ni moja, kuichomoa na kuichomeka tena. Nikashuka Njoro, ikaganda. Nikapanda, nikaichomoa, nikashuka, ikaganda. Pikipiki ni ya Filemon. Kaniazima bila hata kununa, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilipofika tena jioni mzee akaniuliza kwa upole kama nimehamia.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.

Kafe imefungwa, wenzangu wanasherehekea. Mimi nina mpango. Kuna draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi. Waliotunga wamegawa maandishi yake bure, anayetaka aongeze lake. Basi naongeza langu! Kadi ikiganda, draiva yenyewe iikatie umeme, kisha iurudishe. Riseti bila mkono wa mtu!

Jaribio la kwanza: umeme ukakatika, kompyuta ikaendelea kuisukumia kadi ujumbe kama kawaida. Ikaganda kompyuta nzima. Aisee. Kumbe foleni ya ujumbe inasimamishwa kwanza.

Nikaisimamisha. Jaribio la pili: kadi ikaamka vizuri, ila haikumbuki kitu. Jina la mtandao halijui. Nywila haijui. Kama mgonjwa aliyetoka kwenye nusukaputi, anashangaa tu watu. Nimekula ndizi zilizopoa, nimelala na hasira.

Alhamisi, 8 Julai.

Nimepata! Draiva inasimamisha foleni, inakata umeme, inawasha, inaikumbusha kadi kila kitu ilichokuwa inakijua, ndipo inafungulia foleni. Kompyuta haishtuki hata kidogo. Nimejipongeza kwa sauti. Mteja mmoja akahama kiti.

Dominika kapita akitoka sokoni. Akauliza kwa nini tusimteremshe baba tu, jirani yao ana pikapu. Nikamweleza kuhusu foleni. Nikamweleza kuhusu umeme. Akapiga miayo. Akasema yeye anataka kuolewa, intaneti hajaiomba. Wanawake hawana subira na ufundi.

Ijumaa, 9 Julai.

Filemon kauliza draiva itajuaje kwamba kadi imeganda. Swali zuri, sikumwambia ni zuri. Nikajibu: kwa kimya. Zikipita sekunde kumi hakuna kinachoingia wala kutoka, basi kadi imekufa, riseti! Akauliza itakuwaje kama watu wamenyamaza tu. Nikacheka mpaka machozi. Nani atafute mtu Ujerumani ili anyamaze?

Tukajaribu, yeye Njoro, mimi sebuleni kwa mzee. Saa nzima! Kadi ikaganda mara mbili, ikajifufua yenyewe, ikaendelea. Nilipokuwa hewani haikukatika bure hata mara moja. Nilimsimulia Filemon usanifu wote, na utoto wangu, na mipango ya harusi. Baadaye kaniambia alivua vipokea sauti mapema, akaenda kula machalari. Wivu tu.

Jumapili, 11 Julai.

Sijui niandikeje.

Baada ya misa sebule ilijaa. Mzee kavaa koti, mkononi kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sylvanus akaingia hewani, akamwamkia baba yake shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Dominika akafuta machozi. Nikajiona mkwe tayari!

Lakini mzee wa huku haingii kwenye neno zito kwa pupa. Anakunywa funda. Anafuta midomo. Anatazama chini, ananyamaza mpaka neno liive. Hilo nalijua! Nimelelewa nalo, babu yangu alikuwa hivyo hivyo. Halikunijia kichwani wiki nzima.

Kwa mzee kimya, kwa Sylvanus kimya, naye anamsubiri baba yake kwa adabu. Sekunde kumi. Draiva ikaona maiti. Ikakata! Mzee ndiyo kwanza anafungua mdomo amwite mwanawe, hakuna mtu. Kidogo Sylvanus akarudi, anaita halo, halo. Na mzee akikatizwa hamalizii, anaanza upya. Funda. Midomo. Kimya. Ikakata tena.

Mara ya tatu mzee akaweka kata chini. Akasema mwanawe anamkatia kila anapotaka kumtaja Dominika. Kwa hiyo hataki. Kwa hiyo basi.

Basi! Nikaanza kueleza foleni na umeme. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuninunia. Dominika alinitazama, akaingia jikoni. Nimelia nyuma ya zizi. Nampenda yule dada, Mungu anajua.

Ningeweza kuizima riseti na kupiga tena. Nimelikumbuka nikiwa nimeshafika Njoro.

Jumatatu, 12 Julai.

Dominika hakunisubiri. Kaazima pikapu ya jirani, Filemon kaendesha, wamemteremsha mzee mpaka kafe. Mimi nikaambiwa nikae mlangoni. Mzee kaja na mbege yake kwenye chupa ya chai. Akamsalimia Sylvanus kupitia kompyuta yetu ya waya, akanywa funda, akanyamaza alivyopenda. Laini ikamsubiri. Kisha akasema yote.

Sylvanus kaapa hakumkatia baba yake. Kasema Mlutheri si tatizo, tatizo ni dada yake kukaa mpweke. Amekubali! Nilitaka kuingia nimshukuru na nimfafanulie tatizo la jana. Filemon akanishika shati. Nimemshukuru na yeye, kwa shida.

Mzee atanipa neno lake mwenyewe Jumapili, nyumbani kwake, inavyotakiwa. Dominika kanionya: nisianze mimi, nisimkatize, nisubiri amalize. Nimeapa.

Jumapili, 18 Julai.

Nimekaa kwenye kigoda, koti la kuazima linabana. Shikamoo, marahaba. Mzee akanywa, akanipa kata, nikanywa, nikarudisha. Akatazama chini. Nikanyamaza! Dominika yuko mlangoni, ananitolea macho.

Mzee akafumba macho.

Kimya. Kuku wanaparura nje. Mkono wake uko juu ya goti, hautikisiki. Kifua sikioni vizuri kwa sababu ya koti. Ni mtu mzima, na Jumatatu tulimsumbua sana kwenye ile barabara mbovu. Nikaanza kuhesabu moyoni. Saba. Nane. Tisa.

Kumi! Nikamrukia, nikamshika mabega, nikamtikisa, naita jina lake kwa sauti yote. Mbege yote ikammwagikia kifuani!

Akafungua macho, akajifuta taratibu. Akasema alikuwa ndiyo anataka kunipa mtoto. Sasa itabidi aanze upya, na leo mbege imekwisha. Nirudi Jumapili ijayo.

Dominika alicheka mpaka akakaa chini mgombani. Nadhani mzee naye alicheka, alijifunika mdomo. Akinisindikiza, Dominika kanishika mkono mpaka barabarani. Kasema wiki moja haituui, ila safari hii nijue nilipokosea.

Nimefikiri njia nzima ya kushuka, na nimejua. Sekunde kumi ni chache mno. Jumapili nitahesabu mpaka kumi na tano.