Mgonjwa wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Mtihani wa wodini ni Ijumaa. Kila mwanafunzi ana wagonjwa wanne, na Mkufunzi atasimama nyuma kuangalia unamwendea nani kwanza. Ukikosea, unarudia muhula pamoja na wadogo zako. Mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni daktari. Nimemweleza mara nyingi kuwa nasomea uuguzi. Anasema nisijishushe.

Leo mazoezi. Mkufunzi akaniuliza mgonjwa wangu wa kwanza ni nani. Nikajibu bila kusita: wa kitanda namba moja. Akauliza kwa nini. Nikasema kiko mbele kabisa, karibu na mlango, na kipaumbele ni cha aliye mbele. Neno lenyewe linajieleza. Akavua miwani. Akaivaa tena. Akasema kitanda namba moja hakina mtu tangu juzi.

Aliyecheka zaidi ni Pasi. Tunamwita hivyo kwa sababu sare yake imenyooka mpaka unaogopa kuigusa. Pia hajawahi kufeli. Simpendi.

Jumanne, 5 Machi

Somo la leo: anayepiga kelele, hewa inaingia na kutoka. Mwogope aliyenyamaza, huyo ndiye wa kwanza. Wenzangu waliandika. Mimi nikatenda.

Wodi ya wanaume, baada ya chakula cha mchana. Watu kimya! Hatari tupu! Nikawaamsha wote, mmoja mmoja, nikiwauliza kama wanapumua. Fundi seremala wa kitanda cha dirishani akajibu kwamba alikuwa akipumua vizuri kabla sijafika. Sista wa zamu akauliza nani kanituma. Nikamtajia kanuni. Akanipeleka kuosha vyombo, na sisemi vya chakula.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Hakuna atakayefua dafu mbele yangu.

Kati ya wagonjwa wangu yumo Mzee wa Redio, dereva mstaafu mwenye kisukari, kidonda cha mguu kinaendelea kupona. Analalamika kutwa. Chai imepoa, mto mgumu, redio haishiki. Siku akinyamaza mtu huyu, hata mfagizi atashtuka.

Nimemnong'oneza mpango. Ijumaa, Mkufunzi akiingia, yeye anyamaze na kulegea. Mimi nimwendee moja kwa moja kabla ya wengine wote, nimweke sawa, azinduke. Akauliza yeye atapata nini. Nikamwahidi betri mpya. Akaniita mjukuu wake na kunipa mkono.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi na Mzee. Hana kipaji. Anatoa ulimi, anafumba jicho moja. Anakata roho, halafu anauliza kama amekata vizuri.

Tatizo jingine, amenawiri mno. Mashavu yanang'aa. Nimechunguza, nikagundua ni uji. Nimemshauri kesho asubuhi asiuguse, ili alegee bila kuigiza. Alinung'unika, akakubali kwa ajili ya betri.

Pasi akapita, akauliza kama nimesoma mafaili ya wagonjwa wangu. Nikamwambia wengine wanasoma mafaili, wengine tunawafundisha wagonjwa wenyewe. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi

Sista wa zamu akamchoma Mzee sindano yake ya kushusha sukari, kama kila asubuhi. Uji ukaja. Sista alipogeuka, nikaumwaga kwenye sinki. Mzee akanikonyeza.

Mkufunzi akachelewa. Mzee akaanza mapema! Nikamwendea kumwambia bado. Kimya. Mikono inamtetemeka, jasho linamtiririka. Nilijivunia. Jasho sikumfundisha, amelibuni mwenyewe. Nikamwomba apunguze kidogo, asitie chumvi. Hakujibu. Nidhamu hiyo! Nikarudi mlangoni kumngoja Mkufunzi.

Pasi akapita na trei akielekea kwa wagonjwa wake. Akamtupia Mzee jicho. Akaweka trei chini, akamshika mkono, akamwita, akapiga kelele iletwe glukosi. Nikakimbia kumvuta kando, nikamwambia asituharibie, tumepanga. Mkufunzi alikuwa ameshafika. Yuko nyuma yangu. Amelisikia neno tumepanga.

Pasi akauliza huyu mtu amekula nini baada ya sindano. Wote wakanitazama.

Nikamshika Mzee. Baridi kama sakafu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haigizi. Niliogopa kuliko siku yoyote maishani mwangu. Sista akamtundikia dripu. Nikasimama pale, sina la kufanya.

Baadaye Mzee akafumbua macho. Akauliza betri ziko wapi. Nikalia. Pasi akiisoma sehemu hii, nitakana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefeli. Narudia muhula kuanzia Jumatatu, wodi ile ile, na kila Ijumaa napimwa upya. Sista amesema macho yake yote mawili yatakuwa kwangu. Pasi amepongezwa mbele ya darasa. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Mkufunzi akaniita ofisini, akauliza nimejifunza nini. Nikasema mengi. Akaomba moja tu. Nikasema uji ni muhimu. Akavua miwani, na safari hii hakuivaa tena.

Mama nimemwambia nimeongezewa muda kwa sababu wodi bado inanihitaji. Ameshatangaza.

Nilimpelekea Mzee betri zake. Akazipokea, akageukia ukutani, kimya. Kwa kanuni ilinipasa nimwendee kwanza, lakini alikuwa amenuna tu, nami nina shughuli.

Maana nimelifikiria kosa langu kwa kina, na nimelipata. Mpango haukuwa na kasoro. Niliteua vibaya. Mtu wa kisukari hafai kazi hii. Kwa hiyo mchana nimekaa na fundi seremala. Ana uso wa huzuni bila kufundishwa, na anaelewa haraka. Amekubali kwa sharti moja, nisimwamshe tena mchana. Na safari hii nimesoma faili kwanza, Pasi asije akasema. Kisukari hana hata chembe. Ni moyo tu unaomsumbua.