Ombi la Kuachiwa Gurudumu la Nyuma la Kushoto

Gereji ya Stanislausi,
Bunda.
14 Agosti 2024, mwaka wa arobaini na nne tangu nihame Butiama.

Ndugu Mwenyekiti wa Ukoo, mdogo wangu Magesa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mifugo pia. Mimi ni mzima. Gari langu si zima, na ndilo linalonifanya niandike.

Kama ujuavyo, leo asubuhi niliondoka kwenu kurudi Songea, nikiwa nimewaahidi jibu kuhusu kiwanja mlichonipimia kando ya makaburi ya wazazi wetu. Kabla sijafika Bunda, gari likawa zito kama linapanda mlima, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikasimama. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa na moto kiasi kwamba tone la maji lilichemka juu ya chuma chake na kukauka. La kulia ungeweza kuliegemea. Kwa heshima zote, naushtaki ukoo kwa kulishika gurudumu hilo, kwa sababu zifuatazo:

1. Juzi nilikwenda Musoma na gari hilohilo kununua samaki aina ya sato, nikarudi, na magurudumu yote yalikuwa baridi. Kwa hiyo gurudumu halina ugomvi na barabara. Lina ugomvi na kuondoka.

2. Stanislausi, fundi wa hapa, ameliinua kwa jeki. Tumelisukuma watu wawili, halizunguki. Akashuku kwamba mafuta ya breki yamenaswa kwenye bomba, akalegeza nati ya kutolea upepo. Mafuta yakatoka, gurudumu likabaki limekaza vilevile. Nikamwonyesha handibreki: iko chini kabisa. Akajikuna kichwa, akasema, "Mzee, hii ni kama kuna mtu anaivuta." Ndipo nilipowafikiria ninyi.

3. Mlinipakilia gunia la udaga wa muhogo, ndoo ya samaki wakavu na jogoo aliye hai. Mtu anayetakiwa afike hapakiliwi hivyo. Jogoo alianza kupiga kelele tangu Makutano, na nakiri kwamba alinusa kabla yangu.

4. Wakati wa kuagana mlinipungia mikono wote, isipokuwa dada yetu Boke. Yeye alisimama kando ya zizi la ndama, pale gari lilipolala, akiyatazama magurudumu. Gari lilipoanza kwenda lilishtuka kidogo. Nikasema moyoni, ni baridi ya asubuhi. Jana yake aliniuliza ni nani anayenipikia tangu mke wangu Agness afariki. Nikajibu kwamba najipikia. Akasema, "Ng'ombe anatokaga asubuhi, jioni anarudi. Wewe ni mnyama gani?"

5. Nimechunguza, na hapo nyumbani hakuna aliye hai anayejua hata mahali breki inapokaa. Kwa hiyo mkono ulioshika ni wa walio chini. Namtaja hasa babu yetu, ambaye tunaambiwa hakuwahi kuachia kitu alichokishika, hata jembe la jirani.

Kwa hayo yote, naomba uitishe mkutano wa ukoo. Wazee wapewe pombe ya ulezi, kisha kila mmoja atamke kwa kinywa chake kwamba ameniachia, ateme mate ya baraka kuelekea Bunda, akianza upande wa kushoto. Babu aarifiwe kaburini, kwa sauti, maana alikuwa haongei na watu wanaonong'ona.

Msinielewe vibaya. Mtu aliyeshikwa hawezi kurudi. Anaweza kurudishwa tu. Niachieni, nami nitakuja mwenyewe, kwa magurudumu yangu manne, nijenge hapo mliponipimia. Hilo ndilo jibu langu.

Wasalimie shemeji, watoto, majirani wa pande zote na yule ndama mwenye baka. Babu msalimie mwisho.

Ndimi kaka yako, mwenye kusubiri kuachiwa,

Pastory Ryoba

Nyongeza: Usiitishe mkutano. Stanislausi ameingia chini ya gari, akakuta kamba ya katani imezungushwa kwenye waya wa handibreki unaokwenda gurudumu hilo. Mwisho wa kamba kuna kigingi, kiling'oka ardhini gari liliposhtuka, kikaburutwa hadi kikanasa kwenye springi. Kamba iliuvuta waya, waya ukaikaza breki. Babu aombwe radhi.

Fundo ni la Boke, lile la kufungia ndama. Sote tumelelewa kwa ujanja huo: ndama hufungwa nyumbani ili mama yake arudi jioni. Boke alikosea kidogo tu. Alimfunga anayeondoka.

Fundi alitaka kuikata, nikamzuia, nikaifungua kwa vidole. Ilichukua muda. Msimgombeze. Kigingi nakirudisha pamoja na barua hii. Kamba nabaki nayo.

Gurudumu sasa linazunguka kwa kidole kimoja. Hakuna anayenishika. Songea kuna kaburi la Agness, na hakuna mwingine wa kulifagia. Kiwanja mpeni mtu mwingine. Sitarudi.